Daftari ya Nyutrino

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanya biashara, ewe msomaji, iliwafaa pia wataalamu wa fizikia, kama utakavyoona.

Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alikisia kuwa iko chembe isiyo na umeme, ipitayo katika vitu karibu vyote kana kwamba havipo. Ndiyo nyutrino. Frederick Reines na Clyde Cowan waliithibitisha mwaka 1956. Mwaka 1962, huko Brookhaven, Marekani, wataalamu walitengeneza mkondo wa nyutrino: walirusha protoni juu ya shabaha ya berili, mgongano ukazaa chembe ziitwazo pioni, na pioni zilipovunjika njiani zikatoa nyutrino.

Hapo ndipo ulipozuka ugumu. Nchini Japani, jaribio la T2K hupeleka nyutrino kutoka Tokai hadi Kamioka, mwendo wa kilometa 295, na njiani baadhi yake hubadilika aina. Je, utajuaje ngapi zimebadilika, ikiwa hujui ngapi zilianza safari? Kipo chombo cha kuzipima mita 280 tu kutoka mwanzo. Lakini mkondo ukipimwa karibu haulingani kabisa na ule ufikao mbali.

Basi ilipasa kuwahesabu wazazi ili kuwajua watoto. Wazazi hao, pioni na kaoni, ni wa jamii ya hadroni, na wengi wao wana umeme. Kwa hiyo huacha nyayo. Mwaka 2001 na 2002 jaribio la HARP, katika maabara ya CERN karibu na Geneva, liliwahesabu kwa ajili ya majaribio ya Japani na Marekani. Tangu mwaka 2007 jaribio la NA61/SHINE lilifanya hivyo kwa ajili ya T2K: kwanza kwa kipande chembamba cha kaboni, kisha kwa shabaha yenye urefu wa sentimita 90, mfano wa ile ya Japani.

Mwaka 2013 T2K ilitangaza kwa yakini kuwa nyutrino za muoni hugeuka kuwa za elektroni. Sasa wataalamu hutafuta kama nyutrino na kinyume chake hubadilika sawasawa, kwani huenda tofauti yao ikaeleza kwa nini ulimwengu una vitu badala ya kuwa mtupu.

Sifa nyingi humwendea mgunduzi. Lakini wewe usimsahau mwandishi wa daftari: bila hesabu yake, ugunduzi ungalibaki dhana.