The Flowers of the Forest

The Flowers of the Forest (yaani Maua ya Msitu) ni wimbo wa maombolezo wa Uskoti unaowalilia waliouawa katika mapigano ya Flodden, tarehe 9 Septemba 1513, huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Siku hiyo Mfalme James IV wa Uskoti aliuawa pamoja na maelfu ya watu wake, wakiwemo makabaila wengi. Msitu unaotajwa ni Ettrick, upande wa Selkirk karibu na mpaka. Maua yake ni vijana walioondoka wasirudi.

Lahani ndiyo kongwe: imo katika hati ya muziki ya Skene ya mwanzoni mwa karne ya 17. Maneno yanayojulikana zaidi yalitungwa na Jean Elliot (1727–1805), binti wa ukoo wa Elliot wa Minto, katikati ya karne ya 18. Yalitoka bila jina lake, kwa Kiskoti chenye ladha ya kikale, hata wengi wakadhani ni mabaki ya enzi ya Flodden yenyewe. Mshairi Robert Burns hakudanganyika. Katika maneno ya Elliot vita havisimuliwi sana. Tunachoonyeshwa ni wasichana wanaokamua kondoo bila kuimba, na mavuno yasiyo na utani wa wavulana. Uzito wa wimbo uko hapo. Alison Cockburn naye alitunga maneno mengine chini ya jina hilohilo, yakachapishwa mwaka 1765, ila hayachomi vile.

Siku hizi lahani hupigwa kwa zumari ya mfuko mazishini na katika kumbukumbu za wanajeshi. Wapigaji wengi hawakubali kuipiga hadharani kwa shughuli nyingine. Hata mazoezi yake huyafanyia faraghani.