Mtutu Uliolika: Ufundi wa Kufufua Rifali za Wenzo za Marekani

Ndani ya mtutu wa rifali kuna mifereji iliyochongwa kwa kujizungusha, nayo ndiyo huipa risasi mzunguko unaoiweka kwenye mstari. Mifereji hiyo ikilika, risasi huyumba na shabaha hupotea. Hayo ndiyo yaliyozipata rifali nyingi za wenzo za Marekani, tangu Henry ya 1860 hadi Winchester za 1866, 1873 na 1894, ambazo mpigaji hushusha na kupandisha mkono wa chuma chini ya bunduki ili kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine.

Kilichozila zaidi ni kutu, si wingi wa risasi zilizopita. Baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kibiriti, huacha masizi yanayonyonya unyevu, na mtutu usiooshwa siku hiyo hiyo huanza kuharibika. Baruti isiyo na moshi ilipoenea miaka ya 1890, ilionekana kuwa dawa. Kumbe fataki za wakati huo, zilizowasha baruti ndani ya ganda, zilikuwa na klorati ya potasiamu, iliyoacha chumvi ndani ya mtutu. Kwa kuwa mtutu ulionekana safi, wenye bunduki waliacha kuuosha kwa maji, na chumvi ikafanya kazi yake taratibu. Fataki zisizoleta kutu zilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa mitutu mingi, zilichelewa.

Mafundi wa Pennsylvania na milima ya Appalachia walikuwa na tiba ya zamani zaidi, tangu enzi za bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Fundi alipachika kisu kidogo cha chuma kwenye fimbo, akakivuta ndani ya mtutu mara nyingi, akiirudia mifereji hadi ikapata kina. Tundu lilipanuka, naye akamtengenezea mteja kalibu mpya ya risasi. Bunduki moja iliweza kupanuliwa hivyo zaidi ya mara moja, wala hakuna aliyelalamika, maana kila mtu aliyeyusha risasi zake mwenyewe.

Ganda la shaba lilikomesha uhuru huo. Sasa kiwanda ndicho kilichoamua unene wa risasi, na tundu lililopanuka kidogo tu lilivujisha gesi. Mwenye bunduki angeweza kufungiwa mtutu mpya, au tundu lake lipanuliwe kabisa hadi lipokee risasi nene zaidi. Rifali ya risasi za .38-40 iligeuzwa kuwa ya .44-40 bila taabu kubwa, kwa sababu ganda la kwanza lilitokana na la pili kwa kubanwa shingo. Hatari ilikuwa kwenye maandishi: fundi mzembe aliacha chapa ya zamani juu ya mtutu, na mnunuzi wa baadaye akadanganyika.

Njia iliyoshinda katika karne ya 20 ni kuvika mtutu bomba jipya kwa ndani. Fundi hutoboa tundu la zamani kwa keekee ndefu yenye ncha inayofuata tundu lenyewe, huingiza bomba jembamba la chuma lenye mifereji tayari, hulishikiza, kisha huchonga chumba cha risasi na kusawazisha mdomo. Awali bomba lilishikizwa kwa lehemu, lakini moto wake uliweza kuharibu rangi ya chuma, ndiyo maana gundi za epoksi zilipendwa baadaye. Kwa nje hakuna kinachobadilika: pembe nane, anwani ya kiwanda ya New Haven na maandishi ya hataza hubaki. Hata hivyo bomba jipya haliipi fremu ya zamani nguvu mpya. Viungo vya ndani vya modeli ya 1873 vilibuniwa kwa shinikizo la baruti nyeusi, na hubaki hivyo.

Kwa bunduki adimu, wakusanyaji wengi huukataa ukarabati huo. Winchester za 1873 zilizochongwa maneno “One of One Thousand” ziliteuliwa kiwandani kwa sababu mitutu yake ilipiga shabaha kuliko mingine, zikauzwa dola 100. Leo hata yenye tundu lililoliwa na kutu huachwa ilivyo.