Nani Aliyeulinda Utenzi?

Tarehe tuliyonayo ya Utendi wa Tambuka wa Pate ni mwaka 1728. Ubeti wake una vipande vinne vya mizani nane nane: vitatu vya mwanzo vyakutana kwa kina kimoja, na cha nne chabeba kina kinachorejea hadi tamati. Mwishoni mwa karne ya 19, Hemedi bin Abdallah aliposimulia vita vya Wadachi pwani ya Mrima, alijenga juu ya msingi ule ule. Lahaja ilibadilika, adui alibadilika; nyumba ikabaki. Ni nani aliyeilinda?

Sheria zilizoandikwa hazikuwa mlinzi. Kitabu cha Amri Abedi juu ya sheria za kutunga kilitoka 1954, utenzi ukiwa umekwisha kuwa mzee. Wengi hujibu kuwa ni heshima kwa wahenga. Jibu hilo halinitoshi. Hati za Kiarabu nazo tuliziheshimu, na leo wengi wetu hatuandiki Kiswahili kwazo. Utenzi ukavuka kuingia hati za Kilatini na mizani zake zote.

Nionavyo, muundo hudumu pale unapoweza kufichua kosa lake wenyewe. Mnakili akidondosha silabi, mahadhi huchechemea. Akikosea neno la mwisho, kina hukataa. Kila msomaji mwenye sikio huwa fundi wa kurekebisha, wala hahitaji kuajiriwa. Lakini ulinzi huu una mpaka. Neno likibadilishwa kwa jingine lenye mizani na kina sawa, hakuna kengele ilayo. Ndiyo sababu nakala za utenzi mmoja hutofautiana maneno, zikaafikiana umbo.

Mimi sikufundishwa ushairi darasani. Tafsiri yangu ya kwanza ya kishairi niliihesabu kwa vidole, nikaridhika. Mzee mmoja akaniambia, "Haya mwanangu, iimbe." Sikufika ubeti wa tatu.

Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wako waliohofu kuwa mashairi yasiyofuata vina yatauua utenzi. Mimi simhofu mshindani. Nahofia kimya. Utenzi usomwao kwa macho tu hauna wa kuusahihisha, na nyumba isiyo na fundi huanza kuvuja kabla mwenyewe hajajua. Basi msomaji, ukiufungua utenzi usiku wa leo, toa sauti.