Karani asiyefaa katika ofisi ya wakili

Wengi wetu tukienda kwa wakili, hatumuoni wakili. Tunayemuona ni karani. Yeye ndiye anayepokea hati ya shamba na pesa, kisha akatwambia, "Rudi Jumatatu." Marehemu mamangu mdogo alizirudi hizo Jumatatu mpaka akachoka. Hati aliipata baada ya miaka miwili, pesa hakuziona tena. Na yule karani? Baadaye nilimkuta amekaa kwenye meza nyingine, katika ofisi ya wakili mwingine.

Ndiyo maana nataka kueleza sheria moja ya England na Wales: Sheria ya Mawakili ya mwaka 1974, kifungu cha 43. Kifungu hiki kinamhusu mfanyakazi asiye wakili, awe karani, mhasibu au meneja. Akihukumiwa kwa jinai, au akishiriki makosa katika ofisi ya wakili kiasi cha kuonekana hafai kazi hiyo, hutolewa amri dhidi yake. Mwenye kuitoa ni SRA, mamlaka inayosimamia mawakili, au baraza la nidhamu.

Tangu hapo, wakili haruhusiwi kumwajiri wala kumlipa kwa kazi za ofisi yake bila ya idhini ya SRA kwanza. Akiificha amri hiyo akaingia kazini, ametenda jinai. Lakini mlango haujafungwa kabisa: anaweza kuomba amri iondolewe. Makusudio ni kumlinda mteja.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Mawakili, Sura ya 16. Inamkataza asiye wakili kujifanya wakili, au kuandika hati za kuhamisha ardhi kwa malipo. Pia inamzuia wakili kumwajiri mwenzake aliyefutwa au kusimamishwa, bila ya idhini ya maandishi ya Baraza la LSK. Ni sawa. Lakini karani wetu hakuwahi kuwa wakili. Jina lake halikuwamo katika daftari la mawakili, basi litafutwa wapi?

Hata hivyo hatukuachwa mikono mitupu. Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili inapokea malalamiko juu ya wakili, kampuni yake na hata mfanyakazi wake. Sisi hatukulijua hilo. Wewe sasa umelijua.

Kabla ya kufika huko, jilinde. Tafuta jina la wakili katika tovuti ya LSK uone kama ana leseni ya mwaka huu. Omba kumuona mwenyewe. Lipa kwenye akaunti ya ofisi, wala si simu ya karani, na udai risiti. Usiache hati asili bila ya karatasi yenye sahihi kwamba imepokelewa.

Na kwenu mawakili wetu wa Pwani: kabla ya kumpa mtu funguo za ofisi, mpigieni simu aliyemwajiri mwanzo. Hati za watu ni amana, na karani anazishika kwa jina lenu.