Nani alijua? Kifo cha Lincoln na majasusi wa Kusini

Juzi mmoja wetu aliuliza: watu wakipanga uhalifu nyumbani kwako, na wewe una hatia? Nikakumbuka kisa cha Mary Surratt.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, rais wa Marekani, Abraham Lincoln, alipigwa risasi ndani ya ukumbi wa maigizo huko Washington. Kesho yake asubuhi akafa. Aliyempiga ni John Wilkes Booth, mwigizaji maarufu. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kama alitumwa.

Majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kulinda utumwa, yalikuwa na majasusi wao Canada chini ya Jacob Thompson. Na hawakuwa watu wa maneno tu. Oktoba 1864 wapiganaji wao walivuka mpaka wakapora benki za mji wa St. Albans, na Novemba wakajaribu kuchoma hoteli za New York. Oktoba hiyohiyo Booth alikuwa Montreal, kwenye hoteli ileile waliyoizoea majasusi hao. Alipouawa, alikutwa na hati ya pesa ya benki ya hukohuko.

Sasa ngoja kwanza. Mwanzoni Booth hakupanga kuua. Alitaka kumteka Lincoln, ampeleke Richmond, abadilishwe na wafungwa wa Kusini. Mmoja wa kundi lake, John Surratt, mtoto wa Mary, alikuwa akibeba barua za siri za Kusini, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba huko hakuna aliyejua habari za kuteka. Lakini kuua? Richmond ilianguka mwanzoni mwa Aprili na Booth akabadili mpango. Amri ya kuua kutoka kwa wakubwa haijapatikana mpaka leo.

Serikali ilikuwa na hasira na haraka. Mei iliahidi dola 100,000 kwa atakayemkamata Jefferson Davis, rais wa Kusini. Mashahidi wakajitokeza. Mmoja, Sanford Conover, alisimulia aliyoyasikia Canada. Kumbe hata jina halikuwa lake, na baadaye alifungwa kwa ushahidi wa uongo! Davis alikaa kizuizini miaka miwili, akatoka kwa dhamana, kesi ya mauaji haikusikilizwa.

Mary hakupata bahati hiyo. Watu wa Booth walikuwa wakija kwenye nyumba yake ya wapangaji, na shahidi mmoja alisema siku ileile mama huyo alimwagiza aweke bunduki tayari. Alihukumiwa na maafisa tisa wa jeshi, na watano kati yao wakamwombea huruma. Julai 7 akanyongwa. Sisi tuliowahi kukaa mbele ya meza ya mahojiano tunajua swali la “ulijua nini” lilivyo zito. Mimi naona mama alijua la kuteka. La kuua, ushahidi ule haunitoshi.

Na John? Wakati mama yake akiwa mahakamani, yeye alikuwa amejificha Canada. Alikamatwa Misri mwaka 1866, baraza la mahakama likashindwa kukubaliana, akaachiwa. Alifariki mwaka 1916, mzee.