Maandishi ya Kanisa la Amiri huko Palermo

Kanisa la Maria Mtakatifu wa Amiri, ambalo wakazi wa Palermo katika kisiwa cha Sisilia hulijua zaidi kwa jina la Martorana, si kubwa. Aliyefika uwanjani pake mara ya kwanza aweza kulidhania kuwa jengo la karne ya 18 tu, maana sehemu moja ya uso wake ilitengenezwa upya mwaka 1752. Ndani hali ni nyingine. Kuba, matao na kuta za juu zimefunikwa kwa vijiwe vya kioo vya rangi na vya dhahabu, na mwanga upenyao madirishani huzifanya picha za manabii na malaika zionekane kama zinazotikisika.

Aliyelijenga ni Georgios wa Antiokia, Mkristo aliyekijua Kiarabu na Kigiriki, na ambaye kabla ya kuja Sisilia aliwatumikia watawala Waislamu wa Mahdia katika nchi ya Tunisia. Kwa mfalme Roger wa Pili alipanda hata akawa mkuu wa merikebu na wa serikali, kwa cheo cha amiri wa maamiri. Neno hilo la Kiarabu, ambalo Kiswahili nacho kinalo, lilipitia katika Kilatini hata likawa “ammiraglio” ya Waitalia. Mwaka 1143 Georgios aliliwekea kanisa lake mali ya kulitunza.

Picha mbili zahusu watu wa wakati ule. Katika moja, Georgios amesujudu miguuni pa Maria. Kiwiliwili chake kilikarabatiwa vibaya, hata afanana na kobe. Katika ya pili, Kristo anamvika Roger taji. Roger amevaa kama kaisari wa Konstantinopoli, na jina lake limeandikwa juu kwa herufi za Kigiriki. Lakini cheo kilichofuata jina si “basileus”, neno la Wagiriki kwa kaisari wao. Ni “rex”, neno la Kilatini lililovishwa herufi za Kigiriki, kama hati za Kigiriki za mfalme huyo zilivyozoea kuandika. Vazi ladai makuu. Neno lakaa mahali pake.

Kwa wasomi wa Kiswahili, lugha iliyoandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, jambo hilo si geni. Huko Palermo lilikuwa la kawaida. Liko jiwe la kaburi la mwaka 1149, ambalo kasisi Grisandus alimwekea mama yake Anna, na siku hizi limehifadhiwa katika jumba la Zisa. Lina maandishi manne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na tena Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kila andiko lahesabu miaka kwa kalenda yake. Aliyezikwa ni mmoja, naye ni Mkristo.

Chini ya kuba ya Martorana upo ubao ulioandikwa kwa Kiarabu, uliopatikana katika matengenezo ya karne ya 19. Yaliyomo si aya za Kurani, bali ni sifa za ibada ya Kikristo ya Wagiriki. Mtu asimamaye sakafuni ni vigumu kuzisoma. Basi haielekei kuwa ziliwekwa ili kumfundisha mtu. Hapana budi mwenye kanisa alitaka Mungu asifiwe pia kwa lugha aliyoishi nayo.

Mwishoni mwa mwaka 1184 Ibn Jubayr, Mwislamu wa Andalusia aliyekuwa akirejea kutoka hija, alifika Palermo baada ya chombo chake kuvunjika karibu na Messina. Siku ya Krismasi aliliona kanisa hili, akalisifu kupita majengo mengine, akataja dhahabu, marumaru na madirisha yake, kisha akamwomba Mungu amlinde na fitina ya uzuri ule. Aliandika pia kwamba wanawake wa Kikristo siku hiyo walivaa shela kama wanawake wa Kiislamu na kusema kwa ufasaha kama wao.

Wako wasemao kwamba haya yathibitisha mapatano ya dini zote. Hawamsomi Ibn Jubayr mpaka mwisho. Yeye aliwaona watumishi wa jumba la mfalme wakificha Uislamu wao, na Waislamu wa kisiwa wakitozwa kodi kwa ajili ya dini yao. Mfalme William wa Pili alipokufa mwaka 1189, Waislamu wa Palermo walishambuliwa. Katika karne iliyofuata Frederick wa Pili aliwahamishia Lucera, bara ya Italia, na mji huo nao uliangamizwa mwaka 1300. Kiarabu kilikoma kusemwa Sisilia kwa sababu wasemaji wake waliondolewa.

Kanisa lenyewe lilikabidhiwa watawa wa kike wa Martorana katika karne ya 15, na ndilo asili ya jina lake. Mwishoni mwa karne ya 17 sehemu ya nyuma ya madhabahu ilibomolewa ili kuipanua, na nakshi zake zikapotea. Baada ya mabomu ya mwaka 1943 kuliharibu kanisa lao, Wakatoliki wenye asili ya Kialbania wafuatao ibada ya Kigiriki walihamia hapa. Sala husomwa sasa kwa Kigiriki na Kialbania, chini ya ubao ule wa Kiarabu.