KITI CHA DARAJA LA TATU (Sehemu ya 4)

Jamani, baada ya sehemu ya 3 wengi mmeniuliza kwa nini miguu inavimba safari ya treni. Nawajibu kwa historia, maana kile kiti kina historia yake, na si nzuri.

Tuanzie Uingereza, reli zilipoanza. Maskini alisafiri kwenye behewa la wazi, halina paa, na mengine hata benchi hayana. Mkesha wa Krismasi 1841, treni iligonga udongo ulioporomokea relini pale Sonning, karibu na Reading. Abiria wa daraja la tatu, wengi wao waashi wanaorudi makwao kwa sikukuu, walikuwa kwenye mabehewa ya wazi yenye kingo fupi, yamebanwa kati ya injini na mabehewa ya mizigo. Wakarushwa nje. Watu 9 wakafa.

Mwaka 1844 ikaja sheria: angalau treni moja kwa siku iwe na mabehewa yaliyofunikwa na yenye viti, nauli isizidi peni moja kwa maili. Viti vyenyewe mbao tupu! Mpaka 1875 ndipo kampuni ya Midland ikafuta daraja la pili na kuwawekea watu wa tatu viti laini. Kampuni nyingine zikanung'unika kwamba inawadekeza.

Sasa njoo kwetu. Reli ya Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika Kisumu 1901. Yaani Waingereza walishajua kiti laini kinawezekana kwa mtu wa kawaida, lakini huku daraja la tatu, ambalo ndilo lilikuwa la Mwafrika, likawa benchi la mbao. Mzungu daraja la kwanza kajilaza kitandani. Treni ile ile, saa zile zile. Kiti kilipimwa kwa mfuko na rangi ya mtu, si kwa muda atakaokaa. Hapo ndipo mimi kama nesi nakasirika, kwa sababu mwili unahesabu saa tu, haujui tiketi.

Unajua damu ya miguuni inarudije juu? Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayoisukuma unapotembea. Ukikaa umetulia inalala, maji yanashuka kwenye vifundo. Na ukingo wa kiti ukikubana nyuma ya paja, mishipa inabanwa, damu inaweza kuganda. Ofisini unainuka kila mara bila kujijua. Kwenye treni iliyojaa unainukia wapi?

Hili lilionekana London wakati wa vita, 1940. Daktari Keith Simpson alikuta watu waliokaa usiku kucha kwenye mahandaki wakifa ghafla kwa bonge la damu mapafuni. Wengi walilala kwenye viti vya kukunja, vyenye ubao wa mbele unaokandamiza mapaja. Mwaka 1954 John Homans, daktari wa Marekani, akaandika kuhusu damu kuganda kwa waliokaa muda mrefu kwenye ndege, gari, hata ukumbi wa maonyesho.

SGR ya Mombasa–Nairobi ilipoanza 2017, ilikata safari ya usiku kucha ikawa saa 5 hivi. Nashukuru sana. Ila daraja la kawaida viti ni vitatu upande huu, viwili ule, mmetazamana magoti kwa magoti, mgongo haulali. Ingekuwa ile treni ya Dar es Salaam ya mjini iliyoanza 2012, ya Ubungo na Stesheni, nisingesema kitu. Pale hata kusimama umeshika chuma ni sawa, unafika. Lakini saa 5 ni saa 5. Na Dar mpaka Kigoma kwa treni ya zamani ni kilomita 1,250 hivi, na bado kuna watu wanazimaliza wamekaa wima daraja la tatu.

Mama mjamzito, mzee, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji: mwachieni kiti cha kando ya njia ili aweze kuinuka kila saa, na maji anywe hata kama choo kiko mbali. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, msingoje mfike. Mwambieni mhudumu wa behewa hapo hapo.

Sehemu ya 5 ni vyoo vya treni. Jiandaeni.